Nusu Dola ya Bahati

Siku ya tatu baada ya Malachy Tierney kurudi kutoka vitani, Bwana Orrin Peckham alikuja kumchukua farasi. Alikuja asubuhi, kamba mpya begani, akasimama kwenye matope mbele ya kibanda bila kubisha hodi, kama mtu anayefuata ndoo aliyoiazimisha kwa jirani.

Malachy alikuwa nyuma ya kibanda, anamsugua farasi kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa haukunjiki tena. Risasi ya huko Missouri ilipita kwenye kiwiko, daktari wa jeshi akaufunga hivyo hivyo, na jeshi likampa karatasi ya kumruhusu kwenda nyumbani. Alikuwa amesafiri siku kumi na nne juu ya farasi huyo mpaka kufika Iowa, na tangu afike alikuwa akikaa naye kuliko alivyokaa na mkewe.

"Paddy!" Peckham aliita. Kwake kila Mwairishi aliitwa Paddy. Malachy alimlimia, akamkamulia na kumvunia kwa miaka miwili kabla ya vita, na siku zote hizo jina lake halikupita kwenye mdomo wa mzee yule.

"Karibu, Bwana Peckham. Umekuja kutupa pole?"

"Pole nakupa. Namshukuru Mungu umerudi mzima." Akautazama ule mkono. "Mzima kiasi chake. Na nashukuru umenirudishia Duchess wangu."

Malachy alicheka. Alidhani ni mzaha, maana wakubwa nao hutania wakiwa na furaha. Kisha akaiona ile kamba.

"Nuala, huyo unayemwita Duchess, ni wangu, bwana. Ulinipa kwa kazi ya miaka miwili. Tulipeana mikono uani kwako, shemasi Fitch akishuhudia."

"Tulipeana mikono, halafu ukadai pesa, nikakurudishia. Biashara ikaishia hapo. Ulipotaka kwenda jeshini nikakuachia umpande, kwa sababu naipenda nchi hii. Sasa huna jeshi, na mimi naanza kulima." Alikuwa akisema kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliomtia Malachy hasira kuliko maneno yenyewe.

Nitasema wazi jambo ambalo kila mtu wa bonde letu alilijua. Mwaka wa kwanza wa vita vya Kaskazini na Kusini mwa Marekani, kikosi cha wapanda farasi kilichoundwa kwenye wilaya yetu kilitaka kila askari aje na farasi wake. Wakati huo farasi jike wa miaka mitatu alikuwa kitu cha kawaida, na Peckham hakumlilia. Lakini huu ulikuwa Machi wa mwaka wa nne. Jeshi lilikuwa limemaliza farasi wa nusu ya nchi, na wanunuzi wake walikuwa wakipita vituo vya reli na kulipa dola mia na arobaini kwa mnyama yeyote mwenye miguu minne iliyonyooka. Mapenzi ya Peckham kwa Duchess yalikuwa na umri wa wiki moja.

"Ondoka hapa," Malachy alisema.

"Naondoka. Jumamosi tutakutana kwa hakimu."

*

Sabina alikuwa ndani anafulia watu nguo, na ubao wa ukuta hauzuii sauti. Mumewe alipoingia, alimkuta amesimama, povu la sabuni limemfika viwikoni.

"Nimesikia yote," alisema. "Usiniambie tena, nitapasuka."

"Hana lolote. Anatuchezea tu."

"Bibi Amsel naye anatuchezea?"

Bibi Amsel alikuwa mjane wa Kijerumani, mwenye ekari arobaini zilizolala bila mlimaji. Aliwakubalia wazilime kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu, wahamie na kwenye nyumba yake ya nyuma, yenye sakafu ya mbao na jiko la chuma. Sharti lilikuwa moja. Waje na mnyama wao wa kukokota plau kabla ya tarehe mosi Aprili, la sivyo atampa Mswidi mmoja aliyekuwa akilitaka shamba. Mwenye mkono mmoja mzima bila farasi hakuwa mlimaji, alikuwa mzigo tu.

"Ile pesa," Malachy alisema ghafla. "Ile nusu dola. Unayo?"

Sabina alijifuta mikono, akapanda juu ya kigoda na kutoa kopo la majani ya chai kwenye upenyo wa boriti. Halikuwa na chai tangu Krismasi ya mwaka juzi. Ndani ya kitambaa kulikuwa na nusu dola ya fedha, imeng'aa vilevile.

Kwetu Ayalandi, farasi akiuzwa mnadani, muuzaji hurudisha sarafu kwenye kiganja cha mnunuzi. Ndiyo pesa ya bahati. Bila hiyo biashara haijafungwa, hata kama mmetemeana mate viganjani na kushikana mikono mbele ya kijiji kizima. Malachy alimwomba Peckham bahati yake siku ile, naye akatoa nusu dola huku akicheka. Na mama yake Sabina alikuwa amemfunza mwanawe kwamba pesa hiyo haitumiwi mnyama akiwa hai. Ukiitumia, mnyama anakufa. Sabina hakuwa mjinga wa kuamini kila kitu, lakini mumewe alikuwa juu ya mnyama huyo, wanapigwa risasi wote wawili.

"Majira ya baridi yale," Sabina alisema, "Delia alipopata homa ya masikio. Duka lilitaka senti arobaini kwa dawa. Nilishuka na hili kopo mpaka mlangoni. Nikarudi nalo."

Delia, binti yao, alikuwa kwenye kona anacheza na kuku. Malachy alimwita kwa sauti ya chini. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena kutoka upande wa pili, ndipo akageuka.

"Sikio la kushoto halisikii," Sabina alisema. "Sikukuandikia. Yule padri anayetuandikia barua angetia chumvi."

Malachy alikaa kitako kwenye sanduku. Baada ya muda akaichukua ile sarafu na kuigeuzageuza, na polepole uso wake ukaanza kufunguka. "Saibe," alisema, kwa jina alilomwitia mkewe kwa mapenzi, "huu ndio ushahidi! Huoni? Bila farasi kuuzwa, pesa ya bahati ingetoka wapi? Nitaiweka mbele ya hakimu tu, sitasema neno."

"Hakimu si Mwairishi."

"Lakini ana akili."

"Mimi nakwambia usiitoe mpaka uulizwe."

"We mwanamke, vita vyote nimepigana, nitaogopa kutoa nusu dola?"

*

Hakimu Loomis ndiye aliyekuwa na duka. Jumamosi asubuhi aliuza misumari na siagi kwenye kaunta, saa nne akavaa koti jeusi akaanza kuuza haki kwenye kaunta hiyohiyo. Watu walikaa juu ya mapipa. Malachy alivaa jaketi lake la jeshi, Sabina alikuwa amelipiga pasi hadi usiku. Peckham alikuja na shemasi Fitch, mzee mnyoofu ambaye hajapata kusema uongo maishani mwake, na hilo ndilo lililotuumiza.

"Shemasi," hakimu aliuliza, "siku hiyo uani kwa Peckham uliona nini?"

"Niliwaona wakishikana mikono, mheshimiwa. Paddy alitema mate kwanza."

Watu wakacheka.

"Kisha?"

"Kisha niliona pesa ikitoka mkononi mwa Orrin kwenda mkononi mwa Paddy."

"Na uliona pesa yoyote ikitoka kwa Paddy kwenda kwa Orrin?"

"Hapana, mheshimiwa. Hiyo sikuiona."

"Ingeonekanaje?" Malachy aliruka. "Mimi nililipa kwa kazi! Miaka miwili! Nani ataiona miaka miwili inatoka mkononi?"

"Utapewa zamu yako. Peckham, huyu alifanya kazi kwako bila mshahara?"

"Alikula mezani kwangu, mheshimiwa, na kulala bandani kwangu. Na huyu mama alikula pia. Wanakula sana hawa."

Sabina aliinamisha kichwa. Alikumbuka ile meza. Walikuwa wakikaa mwisho wake, na Bibi Peckham akihesabu vipande vya mkate kwa macho.

"Jeshi lilinilipa senti arobaini kwa siku," Malachy alisema, "kwa sababu farasi ni wangu. Waliniandika kwenye daftari lao."

"Jeshi lilimlipa aliyempanda," Peckham alisema. "Zile senti nilimwachia. Mtu ana mtoto."

Wanaume kwenye mapipa wakaafiki kwa vichwa, wakimsifu. Hapo Malachy aliona jasho linamtoka kuliko alivyotoka jasho siku yoyote ya vita, na badala ya kungoja kuulizwa, akatia mkono mfukoni. Akaiweka nusu dola juu ya kaunta, katikati ya mizani na kisu cha siagi.

"Hii hapa," alisema, kifua mbele. "Ndiyo aliyonipa. Mke wangu ameitunza miaka mitatu hajaigusa. Mtoto ameugua, hajaigusa. Sasa niambie kama farasi si wangu!"

Hakimu Loomis aliitazama sarafu, akamtazama Malachy. Alikuwa na huruma kidogo usoni, nitampa haki yake.

"Kwa hiyo unakubali kwamba Peckham alikupa pesa."

"Nakubali! Ndiyo nasema!"

"Siku ileile ya mapatano."

"Palepale!"

"Bwana Tierney, mnunuzi hutoa pesa, muuzaji hupokea. Unataka kuniambia kwenu mnunuzi ndiye hupokea?"

"Hupokea kidogo tu. Ya bahati."

"Basi na mimi nataka kuja huko kwenu ninunue farasi ishirini," mtu mmoja alisema kwenye pipa, na duka lote likaangua kicheko. Hata shemasi alitabasamu. Malachy aligeuka huku na huku akitafuta sura moja ya mtu wa kwetu, lakini sisi wengine tulikuwa kwenye ujenzi wa reli Jumamosi hiyo, na hata tungekuwepo, nani angetuuliza?

Hakimu alisema kwamba pesa iliyorudi ni mapatano yaliyovunjika, kwamba mdaiwa mwenyewe amekiri na kuleta ushahidi kwa mkono wake, na kwamba farasi ni wa Orrin Peckham. Kisha akaisukuma ile nusu dola kwa kidole mpaka ukingoni mwa kaunta.

"Hii ni yako. Hakuna anayekunyang'anya."

"Nusu dola?" Sabina alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Kazi ya miaka miwili ni nusu dola, mheshimiwa?"

"Mama, kesi imekwisha. Kama unanunua kitu, karibu. Kama hununui, kuna watu nyuma yako."

*

Jumatatu Peckham na mwanawe mkubwa walikuja kumchukua Nuala. Mwana aling'atwa begani, meno yakapenya jaketi na nyama. Peckham akarushwa kwenye uzio. Farasi aliyezoea miaka mitatu ya mizinga hatishwi na mkulima mwenye kamba. Malachy aliwatazama kutoka mlangoni mikono ameikunja, ule mmoja kadiri ulivyokunjika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alijisikia vizuri.

Peckham alijipangusa matope. "Kesho mnunuzi wa jeshi yuko kituoni. Utampeleka wewe."

"Mimi? Ati umenishinda kesi kisha nikufanyie na kazi?"

"Asipokwenda kituoni, hanifai kitu. Mnyama anayeuma watu mimi nampiga risasi, na bunduki ninayo garini."

Alikuwa hatanii. Malachy alimtazama Nuala, masikio yamelala nyuma, pumzi inamtoka kwa nguvu. Huyu ndiye aliyembeba maili tisa usiku ule wa risasi ya kiwiko, hatamu zikiburuzika chini kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuzishika.

"Nitampeleka," alisema.

Ndani, Sabina alikuwa akichovya na kukamua nguo za watu kana kwamba anazinyonga. "Nilikwambia usiitoe mpaka uulizwe. Nilisema, sikusema?"

"Ulisema."

"Mimi nimeikalia pesa hii mtoto akilia usiku kucha! Nikajiambia, kaza moyo Sabina, yule yuko juu ya farasi. Na wewe unakwenda kuitoa kama unanunua pombe!"

"Ulisema, Saibe. Basi."

Basi haikutosha. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, akazipiga nguo kwenye ubao hata maji yakamrukia Delia. Baadaye alitulia. Akachukua ile nusu dola na kumtilia mumewe mfukoni mwenyewe.

"Kesho ukitoka kituoni, nunua unga. Bahati imekwisha, tule tu. Sitaki kuiona tena humu."

*

Kituoni kulikuwa na farasi kama hamsini wamefungwa kwenye kamba moja ndefu. Malachy alitembea maili sita na Nuala bila kumfunga, akizungumza naye Kiairishi njia nzima, na Peckham akiwafuata nyuma kwa gari, mbali kidogo na meno. Mpiga baragumu alipopiga mlio wa kukusanyika, Nuala aliinua kichwa akaenda mwenyewe kusimama kwenye mstari, bega kwa bega na farasi wa watu. Malachy aligeuza uso.

Mnunuzi alikuwa sajenti mnene mwenye masharubu mekundu. Alimfungua Nuala mdomo, akamshika miguu, akaliona kovu la shingoni.

"Huyu amewahi kutumika."

"Miaka mitatu," Malachy alisema.

"Mia na arobaini. Nani mwenyewe?"

"Mimi," Peckham alisema, akapokea risiti, akaisoma mara mbili. "Anaitwa Duchess."

"Anaitwa Nuala," Malachy alisema. "Na hasimami kwa kuvutwa lijamu. Mwambie tu polepole."

Kule nyuma moto ulikuwa umewashwa na chuma cha alama ya jeshi kimeanza kuwa chekundu. Malachy alijua hatua chache tu zimebaki. Akatia mkono mfukoni. Alifikiria unga. Alimfikiria Sabina, na Delia anayeitwa upande mmoja tu. Hata hivyo mkono ulitoka na ile nusu dola, akaiweka kwenye kiganja cha sajenti na kumkunja vidole juu yake.

"Nini hii? Mimi sili rushwa ya nusu dola," sajenti alisema. Kisha akaitazama vizuri, akamtazama Malachy, akatabasamu chini ya masharubu. "Aa! Pesa ya bahati."

Malachy alimsogelea. "Unaijua?"

"Nani asiyeijua hiyo? Baba yangu aliuza farasi huko Yorkshire, Uingereza, miaka thelathini. Akiuza, anarudisha sarafu. Asiporudisha, anafukuzwa mnadani kwa mawe." Akamgeukia Peckham. "Lakini hutoa mwenye farasi. Mbona anatoa huyu?"

Uso wa Peckham ulipanda damu kuanzia shingoni. Alimtazama Malachy, akaitazama sarafu, na bila shaka aliuona ule ua wake, na yule Mwairishi kijana amenyoosha kiganja chenye mate anaomba bahati yake. Risiti ilikuwa bado mkononi. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani, akafunga kifungo.

"Mimi sikujua," alisema.

"Sasa umejua," Malachy alisema.

"Kesi imeshahukumiwa, Paddy." Akapanda garini, akashika hatamu, kisha akakaa kidogo, kama mtu anayetafuta la kusema ili alale usingizi. "Nahitaji mtu wa kulima. Mkono mmoja, nusu mshahara. Jumatatu, saa kumi na moja."

Malachy alimsikia Nuala akilia chuma kilipomgusa. Hakugeuka. Alianza kutembea.

*

Sabina alikuwa ameshachemsha maji na kutoa bakuli la kukandia.

"Unga uko wapi?"

"Hakuna unga." Akamweleza yote, kuhusu mstari, baragumu, na sarafu iliyokwenda kwenye kiganja cha sajenti. Alitegemea kupigwa kwa bakuli.

"Na huyo sajenti alisemaje?"

"Alisema, nani asiyeijua hiyo."

Sabina alirudia maneno hayo kwa sauti ndogo. Akacheka kidogo, akajishika ukutani, akaacha kucheka. Akamimina maji ya moto kwenye beseni la nguo, kwa kuwa yalikuwa yamechemka na hayakuwa na kazi nyingine.

"Nyumba ya Bibi Amsel?"

"Nimepita. Mswidi ameshaingia, alikuwa anapima dirisha."

"Peckham je?"

"Kanipa kazi. Jumatatu, alfajiri. Nusu mshahara." Malachy alivua jaketi la jeshi, akiuvuta mkono wa kushoto wa jaketi kwa meno, na Sabina hakumsaidia. "Alinipigia kelele nikiwa nimeshafika barabarani. Anasema safari hii mezani kwake hakuna nafasi. Nije na chakula changu."

"Chakula kipi?" Sabina aliuliza.